Mwongozo Kamili: Jinsi ya Kupendekeza na Kupiga Kura ya Tuzo za Hugo Bila Kura Yako Kupotea

Kila ikifika Machi maswali ni yaleyale. Mmoja kapendekeza riwaya tano, zote za mwaka usiohusika. Mwingine kalipia uanachama katikati ya Februari, anashangaa fomu ya mapendekezo haimfungukii. Wa tatu kasubiri usiku wa mwisho, kajaza kila kipengele kwa kukumbukakumbuka, kisha akafunga simu bila kuhifadhi.

Mwongozo huu ni wa msomaji wa fantasia na hadithi za kisayansi anayetaka kura yake ihesabiwe. Nimechukua Tuzo za Hugo kwa sababu ndizo zenye masharti mengi kati ya tuzo zinazoamuliwa na mashabiki. Ukiziweza hizi, tuzo nyepesi kama za Locus na Dragon, nitakazozieleza mwishoni, utazijaza huku unakunywa chai.

Tuzo hizi hazina jopo la majaji. Wanaoamua ni wanachama wa Worldcon, mkutano wa mwaka wa mashabiki, na kura ya msomaji wa Songea ina uzito uleule na ya mtu wa Seattle. Duru ni mbili. Ya kwanza ni ya mapendekezo: kila mwanachama anaandika kazi zisizozidi tano katika kila kipengele, na sita zinazoongoza zinaingia fainali. Ya pili ni ya kura: hizo sita unazipanga kwa nafasi. Hizi ni kazi mbili tofauti zenye hesabu tofauti, na wengi wanaoharibikiwa wamechanganya kanuni za duru moja na za nyingine.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Uanachama wa WSFS (World Science Fiction Society, chama chenye tuzo hizi) katika Worldcon ya mwaka husika. Bei katika miaka ya karibuni imekuwa kama dola 50 za Marekani. Huhitaji viza wala tiketi ya ndege. Kuhudhuria mkutano kunalipiwa zaidi, na kwa ajili ya kura hakukuhusu.
- Kadi inayolipa mtandaoni nje ya nchi. Ya benki inafaa, na kadi pepe ya mtandao wa simu pia, kama ile ya Visa ya M-Pesa nchini Kenya. Weka salio linalozidi bei kidogo, maana kuna makato ya kubadilisha fedha, na malipo yakipungukiwa senti chache yanagoma yote.
- Barua pepe unayoifungua kweli. Namba ya uanachama na kiungo cha kupigia kura vinapita humo. Ukijiandikisha kwa anwani ya kazini halafu ukahama kazi, umejifungia mlango.
- Daftari au jedwali la kuandika unachosoma.
- Wiki kadhaa. Kazi hii haiishi kwa usiku mmoja.

Kisichohitajika ni kuwa umesoma kila kitu. Hakuna aliyesoma kila kitu, hata hao wanaosimamia tuzo.

## Hatua ya 1: Jiandikishe kabla ya Januari kwisha

Haki ya kupendekeza wanayo wanachama wa Worldcon ya mwaka huu na wa ile iliyotangulia, mradi walikuwa wameshajiandikisha kufikia tarehe ya mwisho. Kwa miaka ya karibuni tarehe hiyo imekuwa 31 Januari. Anayelipa Februari hajapoteza fedha, kwa sababu bado ataruhusiwa kupiga kura ya duru ya pili, ila mapendekezo yamempita.

Hesabu hiyo ina faida watu wengi hawaioni. Ukijiandikisha mapema kwa Worldcon ya 2026, yaani LAcon V ya Anaheim, California, unapendekeza mwaka huo, unapiga kura mwaka huo, na unapendekeza tena kwa ajili ya Worldcon ya 2027 ya Montréal, Kanada, bila kulipa upya. Kwa malipo ya mara moja umepata mapendekezo mawili na kura moja. Ukichelewa hadi Februari, unabaki na kura moja na pendekezo moja.

Tahadhari: kupiga kura ya duru ya pili ni kwa wanachama wa mwaka huo tu. Uanachama wa mwaka jana unakuruhusu kupendekeza, kisha unakuacha hapo.

Utajua umefaulu ukipata barua pepe mbili: risiti ya malipo, na nyingine yenye namba yako ya uanachama au kiungo cha kuingilia. Risiti peke yake haitoshi. Ikipita wiki bila ya pili, tazama kwenye kasha la barua taka, kisha waandikie wasimamizi. Wanaojibu ni watu wa kujitolea, kwa hiyo waulize Januari, usisubiri siku ya mwisho wanapozidiwa.

## Hatua ya 2: Andika orodha ndefu unaposoma

Jedwali langu lina safu sita: jina la kazi, mwandishi, ilikotoka, tarehe iliyotoka, urefu kwa maneno, na sentensi moja. Hiyo sentensi ndiyo yenye thamani. Usiandike "nzuri sana". Andika kitu kitakachokurudishia kazi yenyewe kichwani baada ya miezi kumi: "yule fundi anayerekebisha roboti la mama yake huku akilificha redio". Mwezi wa tatu ukifika, hadithi thelathini zilizoandikwa "nzuri sana" haziwezi kutofautishwa, na ndipo mtu anapoangukia kupendekeza majina makubwa kwa sababu ndiyo anayoyakumbuka.

Pa kusoma bila kulipa ni pengi. Majarida ya Clarkesworld, Uncanny na Strange Horizons huweka hadithi zao mtandaoni bure. Omenana, lililoanzishwa 2014, limechapa hadithi nyingi za waandishi wa Afrika, na Kenya kuna Will This Be A Problem?. Hadithi moja fupi unaimaliza kwenye daladala kutoka Mbagala hadi Kariakoo, foleni ikiwepo unamaliza mbili, na bando lake ni dogo kuliko la video ya dakika tano.

Usijilazimishe kumaliza kila ulichoanza. Hadithi isiyokushika kufikia robo yake haina deni kwako.

## Hatua ya 3: Hakiki mwaka

Hapa ndipo wengi wanapochemka. Kanuni ni hii: tuzo za mwaka fulani zinahusu kazi zilizotoka mwaka uliotangulia. Ukipendekeza mwaka 2026, unatafuta kazi za 2025. Novela *Binti* ya Nnedi Okorafor ilitoka 2015 na ikashinda 2016. Mwaka ulioisoma wewe haumo kwenye hesabu, hata kama uliinunua jana.

Mitego ipo minne.

Tarehe ya jalada. Gazeti au jarida likiwa na tarehe kwenye jalada, tarehe hiyo ndiyo inayotawala. Toleo lililoandikwa Januari 2026 ni la 2026, hata kama lilikuwa mkononi mwako kabla ya Krismasi.

Chapa mpya. Jalada laini, toleo la kuadhimisha miaka kumi, au chapa yenye utangulizi mpya haikifanyi kitabu kuwa kipya. Geuza ukurasa wa hakimiliki utazame mwaka wa chapa ya kwanza.

Hadithi iliyotoka kwa sehemu. Ikichapishwa kidogokidogo, inahesabiwa kwa tarehe ya sehemu ya mwisho.

Tafsiri. Hili ni la kutufurahisha. Kazi iliyotoka kwanza kwa lugha isiyo Kiingereza inastahili mwaka ilipotoka, na inapata nafasi ya pili mwaka tafsiri yake ya Kiingereza inapotoka kwa mara ya kwanza. Riwaya ya Liu Cixin, *The Three-Body Problem*, ilikuwa kitabu cha Kichina tangu 2008; tafsiri ya Ken Liu ilitoka 2014, ikashinda 2015. Kwa hiyo riwaya ya Kiswahili ya mwaka husika unaruhusiwa kuipendekeza hivyo hivyo ilivyo, kwa Kiswahili chake. Kuipatia wapiga kura wa kutosha wanaoisoma ni kazi nyingine, na ndiyo maana mlango wa tafsiri una maana kubwa.

Dalili ya kufaulu katika hatua hii ni kwamba kila mstari wa jedwali una tarehe uliyoiona kwa macho yako, kwa mchapishaji au kwenye jarida lenyewe. Tarehe uliyoikisia haifai. Mimi hufuta bila huruma mstari nisioweza kuuthibitisha.

## Hatua ya 4: Hakiki urefu, kisha kipengele

Kazi za maandishi zinagawanywa kwa idadi ya maneno:

- Hadithi fupi: chini ya maneno 7,500
- Noveleti: kuanzia 7,500 hadi chini ya 17,500
- Novela: kuanzia 17,500 hadi chini ya 40,000
- Riwaya: 40,000 na kuendelea

Kosa la kawaida ni kudhani kila chenye jalada na bei yake ni riwaya. *Binti* niliyoitaja inauzwa dukani kama kitabu kamili, lakini ilishinda kwenye novela. Kitabu chembamba cha kurasa mia moja na kitu kikutie shaka mara moja.

Clarkesworld huandika idadi ya maneno juu ya kila hadithi, hivyo huna cha kuhesabu. Pasipoandikwa, nakili maandishi uyabandike kwenye programu ya kuandikia, itakuhesabia. Kwa kitabu cha karatasi, hesabu maneno ya ukurasa mmoja uliojaa, zidisha kwa idadi ya kurasa, utapata makadirio yanayotosha.

Ukikosea kidogo si msiba. Wasimamizi wana ruhusa ya kuihamisha kazi iliyo karibu na mpaka, ndani ya asilimia 20, na pendekezo lililowekwa kipengele kisicho chake wanaweza kulipeleka panapostahili ikiwa huko bado hujajaza nafasi zote tano. Usitegemee hisani hiyo. Ukishajaza tano huko, pendekezo lako lililopotea halina pa kwenda.

Kwa filamu na tamthilia, mpaka ni dakika 90. Kinachozidi hapo ni onyesho refu. Dakika 90 au pungufu ni onyesho fupi. *Pumzi* ya Wanuri Kahiu, yenye dakika ishirini na kitu, ingeingia kwenye onyesho fupi. Tamthilia ya televisheni unaweza kuipendekeza kwa kipindi kimoja, na hapo andika jina la kipindi chenyewe, au kwa msimu mzima kwenye onyesho refu. Ukiandika jina la tamthilia tu kwenye onyesho fupi, mhesabuji hajui ulimaanisha kipindi kipi.

Kipengele cha mfululizo kinadai juzuu zisizopungua tatu na maneno yasiyopungua 240,000 kwa jumla, pamoja na juzuu au sehemu mpya iliyotoka mwaka unaohusika.

Kwenye fomu hiyohiyo utakuta tuzo ya Astounding ya mwandishi mpya na ya Lodestar ya kitabu cha vijana. Kisheria hizo si Hugo, lakini zinajazwa vilevile. Mwandishi mpya maana yake ni aliyechapishwa kitaalamu kwa mara ya kwanza ndani ya miaka miwili iliyopita, kwa hiyo kipenzi chako mwenye vitabu kumi hayumo.

## Hatua ya 5: Punguza hadi tano, au pungufu

Sasa una orodha safi. Usijiulize kipi kitashinda. Duru hii haikuulizi hivyo, na anayejaza kwa kubashiri anarudia tu kile ambacho mamia wengine wameshakiandika. Swali ni: ulisoma nini mwaka huu ukakipenda?

Uzito wa pendekezo lako uko hasa kwenye kile ambacho wengine hawajakiona. Riwaya iliyobandikwa kila mahali haikuhitaji wewe. Hadithi ya mwandishi wa Nairobi au Lagos iliyotoka kwenye jarida dogo huenda shabiki wa Minnesota hajapita hata karibu nayo. Mwaka 2022 noveleti ya Mnigeria Oghenechovwe Donald Ekpeki iliingia fainali. Ilifika kwa sababu kuna watu waliiandika kwenye fomu zao mwezi wa tatu.

Na watu hao hawahitaji kuwa wengi kama unavyofikiri. Mwaka 2024 waliotuma mapendekezo walikuwa zaidi kidogo ya 1,700, na hadithi fupi zinazotoka kila mwaka ni nyingi mno, hivyo kura zinatawanyika sana. Kwenye vipengele vya kazi fupi kinachoiingiza hadithi fainali kwa kawaida ni makumi ya mapendekezo. Mtu mwenye saa mbili tu za kuitumikia kura yake azitumie huko, riwaya aziache kwa wenye nafasi.

Ninapopunguza orodha naiuliza kila kazi mambo matatu. Je, naikumbuka nikiona jina tu, kabla ya kusoma ile sentensi yangu? Je, nimeshamwambia mtu aisome, bila kuombwa? Na je, ukiondoa hilo jini, hiyo sayari au hiyo mashine, hadithi inabaki ileile? Ikibaki ileile, inaweza kuwa hadithi nzuri sana lakini ipo kwenye tuzo isiyo yake. Swali hili la tatu ndilo linaloondoa nyingi, na wasomaji tuliokulia kwenye ngano zenye majini wa baharini tunalihitaji zaidi, kwa kuwa jini peke yake halitushangazi.

Uzalendo nao uwe na kiasi. Kupendekeza kazi ambayo hujaisoma kwa sababu mwandishi ni wa kwenu kunamdhulumu mwingine wa kwenu ambaye ulimsoma.

Je, ujaze nafasi zote tano? Kujibu hili, elewa hesabu. Tangu 2017 kila fomu ina pointi moja katika kila kipengele, na pointi hiyo inagawanywa sawa kwa kazi ulizoandika. Ukiandika tano, kila moja inapata 0.2. Kila mzunguko, kazi mbili zenye pointi chache kuliko zote zinalinganishwa, na ile iliyoandikwa kwenye fomu chache zaidi inatolewa. Ikiwa ni mojawapo ya zako, pointi yako inagawanywa upya kwa zilizobaki: zikibaki nne ni 0.25, zikibaki mbili ni 0.5, ikibaki moja inabeba pointi nzima.

Maana yake ni kwamba kuongeza hadithi ndogo unayoipenda hakuiumizi sana ile kubwa, kwa sababu ndogo ikitoka inairudishia fungu lake. Lakini zote mbili zikidumu hadi mwisho, zinagawana. Kwa hiyo jaza zile tu ambazo ungefurahi kuziona fainali. Zikiwa mbili, andika mbili ukalale. Kujaza nafasi ya tano kwa jina la kubahatisha ni kumpa mgeni sehemu ya pointi yako.

Hesabu hii ililetwa baada ya 2015, ambapo makundi yaliyopiga kura kwa orodha moja iliyopangwa yalijaza fainali, na wapiga kura wakajibu kwa kukataa kutoa tuzo katika vipengele vitano. Chini ya utaratibu wa sasa watu mia wakinakili orodha ileile, kazi zao tano zinagawana pointi mia moja na kudhoofishana.

## Hatua ya 6: Jaza fomu mapema, hifadhi, rudi

Fomu ikifunguliwa, jaza ulicho nacho siku hiyohiyo, hata kama ni hadithi moja. Unaruhusiwa kuibadilisha mara nyingi upendavyo hadi siku ya mwisho. Inayohesabiwa ni ile ya mwisho kuhifadhiwa. Umeme ukikatika au bando likiisha tarehe ya mwisho, utakuwa umeshaacha kitu ndani.

Andika jina la kazi, mwandishi na mchapishaji au jarida. Tahajia iwe ileile ya jalada. Wahesabuji wanaunganisha majina yaliyoandikwa tofauti, lakini wao ni binadamu, na jina fupi bila mwandishi linaweza kufanana na kazi nyingine tatu.

Saa ndiyo inayowaua watu. Mapendekezo kwa kawaida hufungwa katikati ya Machi, kwa saa za mji ulioandaa. Chukua mfano wa pwani ya magharibi ya Marekani, saa 5:59 usiku, saa za huko zikiwa zimeshasogezwa mbele kwa ajili ya kiangazi. Dar es Salaam, Nairobi na Kampala hiyo ni saa 3:59 asubuhi ya siku inayofuata. Kigali, Bujumbura na Lubumbashi ni saa 2:59 asubuhi. Muscat ni saa 4:59 asubuhi. Wamarekani husogeza saa zao Jumapili ya pili ya Machi, kwa hiyo tarehe ya mwisho ikiangukia kabla ya hapo, ongeza saa moja. Mkutano ukifanyika nchi nyingine, piga hesabu upya.

Umefaulu ukipata barua pepe yenye orodha ya ulichojaza. Isome yote. Mara nyingi hapo ndipo unapogundua kwamba noveleti imekaa kwenye safu ya riwaya.

## Hatua ya 7: Soma za fainali kwa mpango

Orodha ya fainali hutangazwa kwa kawaida kati ya mwisho wa Machi na Aprili, na kura hufungwa mwezi wa saba au karibu na hapo. Hapa wanachama hupata zawadi: kifurushi cha wapiga kura, chenye kazi nyingi za fainali kwa mfumo wa kidijitali, bila malipo ya ziada. Si haki iliyoandikwa popote, ni hisani ya wachapishaji, na baadhi huweka sehemu tu ya kitabu. Hata hivyo thamani yake huzidi kwa mbali zile dola 50.

Kipakue mara kinapowekwa, ukiwa kwenye Wi-Fi, maana ni kizito na kinaondolewa kura zikifungwa. Ni chako wewe mwanachama. Usikisambaze kwenye magrupu ya WhatsApp. Wachapishaji wakiona vitabu vyao vinazagaa, mwaka unaofuata watatoa kurasa tatu.

Anza na hadithi fupi, panda noveleti, kisha novela. Vipengele vitatu vilivyokamilika vina maana kuliko riwaya mbili na nusu.

## Hatua ya 8: Panga kwa nafasi

Sasa hesabu imebadilika. Duru hii hugawanyi pointi. Unampa wa kwanza namba 1, wa pili namba 2, na kuendelea. Zinahesabiwa namba 1 za wote. Asipopatikana aliyevuka nusu, wa mwisho anatolewa na fomu zake zinahamia kwa waliopewa nafasi inayofuata. Inarudiwa hivyo hadi mmoja avuke.

Kutokana na hapo, nafasi ya pili uliyompa mwingine haiwezi kumdhuru wa kwanza wako, kwa sababu haisomwi mpaka wa kwanza atolewe. Wanaoacha nafasi zote tupu isipokuwa ya kwanza, wakidhani wanamlinda kipenzi chao, hawamlindi na chochote. Kipenzi akitoka, fomu yao inakuwa imekwisha, na wanaobaki wanaamuliwa na wengine.

Kati ya majina utakuta chaguo linaloitwa No Award. Hilo ni kusema: kuliko kumpa huyu, bora tuzo isitolewe. Nalo linapewa nafasi kama mshindani mwingine yeyote.

Tuseme kuna kazi sita, A hadi F. B na D umezipenda, C inafaa, A unaona haistahili kabisa, E na F hukuzisoma. Wengi huandika: B 1, D 2, C 3, No Award 4, basi. Tatizo ni E na F. Kazi isiyopewa nafasi kwenye fomu yenye No Award inachukuliwa kuwa iko chini yake, na mwishoni kabisa mshindi hupimwa dhidi ya No Award: ni fomu ngapi zinamtanguliza yeye, na ngapi zinaitanguliza hiyo. Umezipinga kazi mbili ambazo hujazifungua.

Njia ya haki ni kusoma hata kurasa ishirini za E na F uziweke zinapostahili. Ukikosa muda, iache No Award tupu: B 1, D 2, C 3.

Na ukiitumia, endelea kupanga hata chini yake. No Award nayo inaweza kutolewa kwenye hesabu, na hapo nafasi ya 5 na ya 6 ndizo zitakazosema yupi unamvumilia zaidi. Kuiweka ya mwisho kabisa, chini ya kazi zote sita, ni kusema tu kwamba zote zinastahili. Haimkomoi mtu.

Hifadhi, subiri barua pepe, soma tena.

## Usikubali kulipiwa

Mtu akikuambia atakulipia uanachama mradi umpigie kura fulani, kataa. Wasimamizi wa tuzo katika Worldcon ya Glasgow ya 2024 walizitupa kura 377 zilizoonekana kulipiwa kwa faida ya mshindani mmoja. Walizigunduaje? Kulikuwa na mlolongo wa wapiga kura wenye jina la pili lilelile, herufi ya kwanza tu ikibadilika kwa mpangilio wa alfabeti, na mwingine ambao majina yao yalikuwa tafsiri za namba zinazofuatana. Mshindani aliyepigiwa hakutuhumiwa kwa lolote, na hakushinda.

Kumlipia ndugu au rafiki anayesoma na kuchagua mwenyewe ni jambo jingine. Fomu yake aijaze yeye.

## Kama dola 50 hazipo

Kura ya tuzo za jarida la Locus ni bure na iko wazi kwa kila mtu, kwa kawaida kuanzia Februari hadi katikati ya Aprili. Kura ya aliyejiunga na jarida huhesabiwa mara mbili, lakini ya asiyejiunga pia inaingia. Inahusu kazi za mwaka uliopita, kwa hiyo jedwali lako linatumika vilevile.

Tuzo za Dragon, za mkutano wa mashabiki wa Dragon Con wa Atlanta, nazo ni bure, unahitaji barua pepe tu. Mwaka wao ni tofauti: unaanza 1 Julai na kuishia 30 Juni. Kazi ya Agosti na ya Machi inayofuata zinashindana pamoja.

Tuzo za Nebula usizihangaikie, ni kura ya waandishi wenyewe kupitia chama chao.

Kisha kuna tuzo za Nommo, zilizoanza kutolewa 2017, za fantasia na hadithi za kisayansi za Waafrika: riwaya, novela, hadithi fupi na katuni. Wanaopendekeza na kupiga kura ni wanachama wa African Speculative Fiction Society. Ukiwa unasoma Omenana tayari, ongeza safu ya saba kwenye jedwali, iandike "Nommo", na uweke alama kila mwandishi anapokuwa wa huku.